Ondoa programu zisizotakiwa, okoa kompyuta ya biashara

MAGANZO ni mji mdogo katika Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza na jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Wakazi wake wanaishi kwa kilimo cha pamba, mtama, dengu na choroko, kwa ufugaji, kwa uchimbaji mdogo na kwa biashara za rejareja. Katika miji ya aina hii kompyuta si nyingi, lakini kila iliyopo inahudumia watu wengi.

Kompyuta ya steshenari ndiyo inayochapa mikataba ya kukodi mashamba, kutengeneza picha za pasipoti na kujaza maombi ya namba ya mlipakodi au ya mkopo wa mwanafunzi. Ile ya chama cha ushirika wa mazao na masoko, yaani AMCOS, inatunza majina ya wakulima, kilo walizopeleka na fedha wanazodai. Ya duka la pembejeo inatunza hesabu za stoo na orodha ya wadaiwa.

Kwa sababu hiyo, kompyuta moja inapoanza kuwa nzito au kuganda kila baada ya dakika chache, hasara haiishii kwa mwenye nayo. Mkulima aliyepanda baiskeli kutoka kijijini kufuata hesabu yake huambiwa arudi kesho. Mwenye duka hushindwa kujua amebakiwa na mifuko mingapi ya mbegu. Foleni ya steshenari hurefuka, na wateja wenye haraka huondoka.

Dawa inayotolewa na mafundi wengi mitaani ni moja: "kupiga Windows", yaani kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Dawa hiyo huponya, lakini ni kali. Kumbukumbu ambazo hazikuhifadhiwa pembeni hupotea, programu ya hesabu hudai leseni upya, printa hutafutiwa programu yake, na bando la intaneti hutumika kupakua yote hayo. Mara nyingi ugonjwa wenyewe haukuhitaji hatua hiyo. Kilichokuwa kinaielemea kompyuta ni programu zisizotumika, pamoja na mabaki ya zile zilizoondolewa ovyo. Mzigo huo unaweza kutolewa kwa nusu siku bila kugusa kumbukumbu za biashara, ilimradi utaratibu ufuatwe.

Mzigo unatoka wapi?

Kompyuta nyingi zinazotumika katika biashara ndogo ni za mtumba. Zinakuja na programu za mmiliki wa kwanza, ambazo aliyenunua hazijui wala hazihitaji. Hata kompyuta mpya huuzwa ikiwa na programu za majaribio, hasa za kuzuia virusi, ambazo baada ya muda fulani hudai kulipiwa na kuendelea kutoa matangazo kila kompyuta inapowashwa.

Chanzo cha pili ni upakuaji. Anayetafuta programu ya kubadili PDF au ya kukata video hubonyeza "Next" mara tano bila kusoma. Pamoja na kile alichokitaka, huweka vingine viwili au vitatu ambavyo hakuviomba.

Chanzo cha tatu, na ndicho cha hatari zaidi, ni programu za kufungulia leseni kwa wizi. Nyingi humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya virusi ndipo ziwekwe. Anayekubali sharti hilo amefungua mlango na kumwondoa mlinzi kwa wakati mmoja.

Kufuta ikoni si kuondoa programu

Kosa linalofanywa na watumiaji wengi ni kufuta ile picha ndogo ya programu iliyo kwenye uso wa kompyuta na kuamini kuwa kazi imekwisha. Picha hiyo ni njia ya mkato tu. Programu yenyewe bado ipo ndani, na kama ilipangwa kuamka kompyuta inapowashwa, itaendelea kuamka na kula kumbukumbu ya kazi, yaani RAM.

Wakulima wa pamba wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Baada ya mavuno hutakiwa kung'oa masalia ya pamba na kuyachoma. Anayekata mashina juu juu na kuacha visiki humwachia mdudu mahali pa kukaa akisubiri msimu ujao. Programu nayo ina mizizi. Kwa kawaida mafaili yake makuu hukaa katika folda iitwayo "Program Files". Mipangilio yake hukaa katika folda zilizofichwa za "ProgramData" na "AppData". Kumbukumbu za usajili wake huandikwa katika rejista ya Windows, ambayo ni daftari kuu la mfumo. Baadhi huweka pia huduma zinazofanya kazi kimyakimya bila dirisha lolote kuonekana.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kufuta folda nzima ya programu kwa mkono. Hilo nalo ni kosa. Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG iligundulika kuweka katika baadhi ya CD zake programu iliyojificha ndani ya Windows ili kuzuia watu wasinakili nyimbo. Mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Mark Russinovich, aliifichua programu hiyo. Alipofuta mafaili yake kwa mkono, kompyuta yake haikuonyesha tena kisomeo cha CD. Programu ilikuwa imejipachika katikati ya Windows na kifaa hicho, na ilipokatwa ghafla mawasiliano nayo yakakatika. Hata mtaalamu alilazimika kufanya kazi ya ziada kurekebisha. Mwenye duka asiyekuwa fundi anaweza kujikuta na kompyuta isiyochapa au isiyowaka kabisa.

Wategemezi wa pamoja

Kuna jambo jingine linalohitaji umakini. Programu nyingi hazijitoshelezi. Huegemea programu nyingine ndogo zinazofanya kazi ya chini, ambazo kwa lugha ya mafundi huitwa vitegemezi. Programu ya hesabu inaweza kuja na injini ya kutunza hifadhidata. Programu nyingine huhitaji Java. Nyingine huhitaji vifurushi vya Microsoft viitwavyo Visual C++ Redistributable.

Tatizo ni kwamba kitegemezi kimoja kinaweza kutumiwa na programu kadhaa, kama mashine moja ya kusaga inavyotumiwa na kaya nyingi. Kaya moja ikihama kijiji, mashine haing'olewi, kwa sababu wengine bado wanaitumia. Lakini kaya zote zikihama, mashine inabaki inachukua nafasi bure. Kabla ya kuondoa kitegemezi, swali la kuuliza ni hili: nani bado anakitumia?

Anayefungua orodha ya programu katika Windows anaweza kukuta Visual C++ za mwaka 2008, 2010, 2012 na 2013 zimepangana, akadhani ni kitu kimoja kilichorudiwa mara nne. Sivyo. Kila toleo linahudumia programu zilizotengenezwa kwa toleo hilo. Kuondoa la 2010 kwa sababu la 2013 lipo kunaweza kuifanya programu ya mauzo ikatae kufunguka kesho yake asubuhi. Vifurushi hivyo havichukui nafasi kubwa na haviielemei kompyuta. Asiye na uhakika aviache.

Mifumo mingine huweka hesabu hiyo yenyewe. Ubuntu, mfumo wa bure ulioanza kutolewa mwaka 2004, huandika programu ipi iliwekwa na mtumiaji kwa kutaka na ipi ililetwa tu kama kitegemezi. Amri ya "apt remove" huondoa programu na kuacha mipangilio yake, "apt purge" huondoa hata mipangilio ya mfumo, na "apt autoremove" huondoa vitegemezi ambavyo havina tena anayevihitaji. Windows kwa kawaida haina hesabu ya namna hiyo kwa programu zote, hivyo kazi ya kukumbuka inabaki kwa mtumiaji.

Utaratibu wa kufuata

Kwanza, hifadhi kumbukumbu. Nakili orodha za wakulima, hesabu za mauzo na nyaraka za wateja kwenye flashi au diski ya nje, kisha fungua nakala hizo katika kompyuta nyingine kuthibitisha kuwa zinasomeka. Programu ya hesabu ihitaji uangalifu zaidi. Ikishaondolewa, mafaili yake huenda yasifunguke bila programu yenyewe. Kwa hiyo toa pia ripoti zake katika PDF au Excel, na andika namba ya leseni. Ikumbukwe kuwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Kusema kompyuta ilipigwa Windows hakumwondolei mtu wajibu huo.

Pili, weka alama ya kurudia. Andika "Create a restore point" katika sehemu ya kutafutia ya Windows, hakikisha kinga ya diski imewashwa, kisha tengeneza alama. Kazi ikiharibika, mfumo unaweza kurudishwa ulipokuwa. Hata hivyo alama hiyo hurudisha mfumo tu. Si mbadala wa nakala za kumbukumbu.

Tatu, orodhesha. Fungua "Control Panel", kisha "Uninstall a program". Orodha inayotokea inaonyesha jina la programu, kampuni iliyoitengeneza, tarehe iliyowekwa na ukubwa wake. Ipange kwa tarehe. Programu tatu zilizoingia siku moja, huku mwenye kompyuta akikumbuka kuweka moja tu, zinajieleza zenyewe. Andika kwenye karatasi makundi matatu: zinazotumika, zisizotumika na zisizojulikana. Kundi la tatu lisiguswe mpaka fundi au jirani mwenye ujuzi aulizwe. Humo ndimo hukaa programu za printa, za sauti na za kutolea risiti za kodi.

Nne, ondoa moja moja kupitia orodha hiyo. Bonyeza jina, kisha "Uninstall". Soma maswali yanayotokea, kwa kuwa baadhi ya programu huuliza kama zifute na kumbukumbu zako pia. Ukimaliza moja, zima na kuwasha kompyuta, jaribu printa na programu ya mauzo, ndipo uendelee na nyingine. Anayeondoa kumi kwa mkupuo hatajua ipi imeleta hitilafu.

Programu ikikataa kuondoka, ifunge kwanza kutoka pembeni mwa saa, chini kulia, kisha washa kompyuta upya na ujaribu tena. Ikiendelea kukataa, mara nyingi ni kwa sababu mafaili yake yalifutwa nusu. Njia inayosaidia ni kuiweka tena toleo lilelile, ikamilike, halafu kuiondoa kwa njia sahihi.

Tano, angalia zinazoamka na kompyuta. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya "Startup". Zima kile kisichohitajika tangu asubuhi. Kuzima hapa hakufuti kitu, hivyo ni hatua salama hata kwa anayeanza.

Yapi ni mabaki ya kuondoa?

Baada ya hatua hizo, mabaki ya kushughulikia ni machache. La kwanza ni programu ya pili ya kuzuia virusi. Mbili zikifanya kazi kwa pamoja huchunguza kila faili mara mbili na wakati mwingine huzuiana zenyewe. Ibaki moja. Kwa kuwa programu hizi hujichimbia ndani sana, kampuni kama McAfee, Norton, Kaspersky na Avast hutoa zana maalumu za kuondolea bidhaa zao. Zana hizo zipakuliwe kutoka tovuti ya kampuni husika tu.

La pili ni matoleo ya zamani ya Java. Desemba 2015 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza makubaliano na kampuni ya Oracle. Tume hiyo iliituhumu Oracle kuwa iliwaahidi watumiaji usalama kila waliposasisha Java, huku matoleo ya zamani yenye mianya yakibaki ndani ya kompyuta zao. Kwa mujibu wa tume, Java ilikuwa kwenye kompyuta zaidi ya milioni 850. Oracle ilitakiwa kuwajulisha watumiaji na kuwapa njia ya kuondoa matoleo hayo. Mwenye kompyuta ya mtumba anaweza bado kuyakuta. Kama hakuna programu inayoyahitaji, yaondoke.

La tatu ni Adobe Flash Player. Adobe iliacha kuihudumia Desemba 31, 2020, na kuanzia Januari 12, 2021 ikazuia maudhui ya Flash yasifunguke ndani yake. Kampuni yenyewe iliwashauri watumiaji waiondoe. Leo, dirisha lolote linalomwambia mtu asasishe Flash linapaswa kutiliwa shaka.

Rejista ya Windows isiguswe na asiye fundi. Maandishi machache yaliyobaki humo hayaifanyi kompyuta kuwa nzito kwa kiasi cha kuonekana, lakini kufuta mstari usiostahili kunaweza kuizuia kuwaka. Aidha, tahadhari ichukuliwe na programu zinazojitangaza kusafisha kompyuta kwa mbofyo mmoja. Agosti 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, programu maarufu ya usafi wa kompyuta, lilisambazwa likiwa limepandikizwa kirusi na wahalifu walioingilia kiwanda chake. Watumiaji wapatao milioni 2.27 walilipata. Windows ina zana yake ya "Disk Cleanup" inayotosha kufuta mafaili ya muda.

Kwa kompyuta inayoshukiwa kuwa na virusi, kuondoa programu peke yake hakutoshi. Kinga ya Windows ina uchunguzi uitwao "Microsoft Defender Offline scan", ambao huzima mfumo na kutafuta virusi kabla havijaamka. Virusi vikiendelea kurudi, hapo ndipo kupiga Windows kunakuwa na sababu, baada ya kumbukumbu kuhifadhiwa.

Faida kwa shilingi

Tuchukue mfano wa steshenari inayopoteza wateja wanane kwa siku kwa sababu ya foleni, kila mmoja akiwa angelipa wastani wa Sh1,000. Hasara ni Sh8,000 kwa siku, au Sh208,000 kwa siku 26 za kazi. Ikiwa fundi atalipwa Sh30,000 kusafisha, na nusu siku ya kufunga ikagharimu Sh25,000, jumla ni Sh55,000. Fedha hiyo inarudi ndani ya siku saba.

Kwa AMCOS hesabu ni ya namna nyingine. Chama chenye wakulima 300 kikipoteza daftari lake la kompyuta, na kila mkulima akachukua dakika tano kuandikwa upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi, kazi hiyo ni ya saa 25. Hapo bado ugomvi wa mkulima ambaye stakabadhi yake imeliwa na mchwa.

Kama baada ya usafi kompyuta bado ni nzito, mwenye nayo aulize bei ya kuongeza RAM au kuweka diski ya SSD kabla ya kufikiria kununua nyingine. Aangalie pia toleo la mfumo. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na usafi wa aina yoyote hauwezi kuziba mianya ya mfumo usiosasishwa.

Suala la mwisho ni kompyuta inayouzwa. Steshenari hubakiwa na nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti na mikataba ya wateja. AMCOS ina majina, namba za simu na akaunti za wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Kabla ya kumkabidhi mnunuzi, tumia "Reset this PC" na uchague kuondoa kila kitu pamoja na kusafisha diski. Kuondoa programu huku mafaili ya watu yakibaki ni kumuuzia mgeni siri za wateja.

Katika kanda ya ziwa msimu wa ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei. Februari na Machi, wakati mizani imetulia, ndio wakati wa AMCOS kufanya usafi huu, si wiki ambayo wakulima wamepanga foleni. Baada ya hapo, kaunta buku moja iwekwe kando ya kompyuta. Kila programu inayowekwa iandikwe humo: jina lake, tarehe, nani ameiweka na kwa kazi gani. Usafi unaofuata utaanza na zile ambazo hakuna anayejua zilikuja kwa kazi gani.